Kiwele Kilichofungwa: Mawakala wa Bima na Wazee wa Misikiti Yetu

 

Miongoni mwa amana kubwa tulizobebeshwa sisi Waislamu tunaozungumza Kiswahili na kuishi Marekani ni wazee wetu. Hawa ndio walioosha vyombo katika mahoteli, wakaendesha teksi usiku wa theluji, wakasimama saa kumi katika viwanda vya nyama, ili sisi tusome na misikiti yetu isimame. Leo wengi wao wametimia miaka 65 au wameipita. Na tangu walipotimiza umri huo wamegeuzwa mawindo.

Hatusemi haya kwa kukisia. Kila unapokaribia mwezi wa Oktoba huingia katika misikiti yetu wageni ambao miezi mingine hawaonekani. Huja na kanzu zilizonyooshwa, hutoa salamu kwa sauti, na baada ya sala ya Ijumaa msemaji wa kamati hutangaza kwamba ndugu yetu fulani ana neno fupi kuhusu afya za wazee, na kwamba chakula kipo ukumbini. Chakula ni biriani. Neno si fupi. Kabla ya Alasiri, wazee kumi au kumi na wawili huwa wamekwisha kutia saini karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, juu ya jambo litakaloamua ni daktari gani atakayewatibu na ni hospitali gani itakayowapokea mpaka siku ya kufa kwao.

Tunasema bila ya kuuma maneno: jambo hili ni ghishi, na kamati zinazolipa nafasi zinashiriki katika ghishi hiyo. Lakini ili msomaji asidhani kwamba tunapiga kelele tu, ni wajibu wetu kwanza kulieleza jambo lenyewe lilivyo.

PENGO LILILOACHWA NA SERIKALI

Bima ya serikali ya Marekani kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi huitwa Medicare. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na bima yenyewe ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1966. Ina Sehemu A, ambayo ni ya kulazwa hospitali, na Sehemu B, ambayo ni ya madaktari, vipimo na matibabu yasiyohitaji kulazwa. Dawa za dukani zina sehemu yake peke yake, Sehemu D. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa robo mwaka 40, yaani miaka 10, au aliyeolewa na mtu wa namna hiyo, halipii Sehemu A. Sehemu B kila mtu huilipia: dola 185 kwa mwezi katika mwaka 2025, na dola 202.90 katika mwaka 2026. Wenye mapato makubwa hulipa zaidi.

Wengi wa wazee wetu wanadhani kwamba mwenye kadi hiyo nyekundu, nyeupe na buluu amekwisha kukingwa. Sivyo hata kidogo. Katika mwaka 2025 aliyelazwa hospitali alitakiwa kwanza alipe mwenyewe dola 1,676, na malipo hayo si ya mwaka, bali ni ya kila kipindi cha ugonjwa. Aliyetoka akakaa nje siku 60 kisha akarudi, hulipa upya. Aliyekaa zaidi ya siku 60 alilipa dola 419 kwa kila siku, kuanzia siku ya 61 hadi ya 90. Ama Sehemu B, baada ya dola za mwanzo wa mwaka, ambazo zilikuwa 257 katika mwaka 2025, serikali hulipa asilimia 80 na mgonjwa asilimia 20. Wazee husikia "asilimia 20" wakaona ni kitu kidogo. Hawaambiwi kwamba asilimia 20 hiyo haina kikomo. Tuseme mgonjwa wa saratani anachomwa dawa ya dola 10,000 kila mwezi: yeye atadaiwa dola 2,000 kila mwezi, na mwaka wote ni dola 24,000, na hakuna mahali ambapo serikali itasema basi, imetosha.

Hapo ndipo penye pengo, na kwa kulijaza pengo hilo kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya, na mawakala hawana haraka ya kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Mtu hubaki katika Medicare ya asili, huenda kwa daktari yeyote anayepokea Medicare katika nchi nzima, na bima ya nyongeza humlipia kile ambacho serikali imekiacha. Kwa ajili hiyo hulipa mchango wa ziada kila mwezi, ambao mara nyingi hupita dola 100, na hununua kando mpango wa dawa.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Hii, kwa kweli, si nyongeza. Ni kuikabidhi Medicare yako kwa kampuni binafsi, ambayo hupokea fedha za serikali kwa niaba yako kisha ikakutibu kwa masharti yake: madaktari waliomo katika orodha yake, na kwa matibabu mengi ya gharama, kibali chake kabla ya kutibiwa. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kwa jina jingine na ikapewa jina hili mwaka 2003. Leo zaidi ya nusu ya wenye Medicare wamo humo. Mipango mingi ya aina hii haidai mchango wowote zaidi ya ule wa Sehemu B, na hutoa miwani, meno, usafiri wa kwenda kliniki, na pengine kadi yenye fedha za kununulia vyakula.

Sasa msomaji ameona kwa nini biriani hupikwa kwa ajili ya hii ya pili.

KIWELE KILICHOFUNGWA

Wanafunzi wetu wa fiqhi wanaposoma mlango wa biashara hukutana na suala la mnyama aliyeachwa bila ya kukamwa kwa siku kadhaa, chuchu zake zikafungwa, ili mnunuzi amwone na kiwele kilichojaa akadhani kuwa ni mnyama wa maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiyari ya siku tatu: akitaka amshike, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Hebu tulitazame neno "dola sifuri" linalotajwa katika kumbi zetu. Kiwele ni hicho. Hakuna aliyesema uongo. Maziwa yamo kweli, kama yalivyokuwamo katika mnyama yule. Lakini mnunuzi ameonyeshwa siku moja, akafichwa siku zitakazofuata.

Kinachofichwa ni nini? Tutasema lililo kubwa kuliko yote, na lau msomaji hatachukua jingine katika makala haya, alichukue hili. Mtu anapofikia miaka 65 na kujiandikisha Sehemu B, hufunguliwa muda wa miezi sita tu ambao ndani yake kampuni yoyote inayouza Medigap katika jimbo lake hulazimika kumuuzia, hata akiwa na kisukari, hata akiwa na moyo mbovu, hata akiwa amelazwa, na bila ya kumpandishia bei kwa ajili ya ugonjwa. Miezi sita ikipita, katika majimbo mengi kampuni ina haki ya kumuuliza maradhi yake na kumkataa. Majimbo machache tu, kama New York, Connecticut, Massachusetts na Maine, yamewawekea watu wao kinga ya kuendelea au ya kila mwaka. Ohio haimo katika hayo. Wala Texas.

Ni kweli kwamba iko hiyari hapa pia. Aliyeingia Medicare Advantage mara tu alipotimia miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu. Ndani yake anaweza kurudi Medicare ya asili na kuuziwa Medigap bila ya kuulizwa maradhi. Zipo na hali nyingine chache za kipekee, kama vile mpango kufutwa katika wilaya anayoishi. Tatizo ni kwamba katika mwaka wa kwanza mzee huwa bado mzima. Anapewa miwani, anachukuliwa na gari hadi kliniki, anamshukuru wakala na kumwombea dua. Hiyari yake inapita akiwa ameridhika. Maradhi huja mwaka wa nne.

Tunamjua mzee mmoja, dereva wa teksi mstaafu, ambaye hali yake ilikuwa ndiyo hii hasa. Alisajiliwa ukumbini akiwa na miaka 65. Alipofika 69 alipatikana na ugonjwa wa figo pamoja na moyo, na daktari aliyemwamini akawa ametoka katika orodha ya mpango wake. Mwanawe akaenda kununua Medigap. Jibu lilikuja kwa barua ya mistari michache: amekataliwa kwa sababu ya hali ya afya. Kurudi Medicare ya asili hakuna aliyemzuia, lakini angerudi bila ya nyongeza, na asilimia 20 ile isiyo na kikomo ingemwangukia. Wakala aliyemsajili alipopigiwa simu alisema kwamba yeye mzee hakuuliza.

Hakuuliza! Tangu lini muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akasubiri kuulizwa? Kuificha aibu hiyo ndiko mafaqihi walikokuita tadlisi, na hawakumsamehe mtu kwa udhuru wa kwamba mnunuzi hakuwa na akili ya kuuliza.

Ama kuhusu kibali cha kabla ya matibabu, si sisi tunaolalamika peke yetu. Ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti mwezi Aprili 2022 iliyoonyesha kwamba katika maombi ya vibali yaliyokataliwa na makampuni haya ambayo ilifanyia uchunguzi, asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare, yaani mtu huyo lau angekuwa katika Medicare ya asili angetibiwa. Mgonjwa anaweza kukata rufaa, na wengi wanaokata rufaa hushinda; lakini wanaokata ni wachache mno. Tunauliza: bibi wa miaka 78 aliyezaliwa Barawa au Pemba, asiyejua Kiingereza ila cha salamu, atakata rufaa kwa nani?

Tusije tukasemwa kuwa hatukufanya insafu. Medicare Advantage ina kitu ambacho Medicare ya asili haina, nacho ni kikomo: mwaka 2025 mpango wowote ulikatazwa kumtoza mtu zaidi ya dola 9,350 kwa matibabu ya ndani ya orodha yake. Kwa mtu ambaye hawezi kabisa kulipa mchango wa nyongeza na hana haki ya msaada wa serikali, kikomo hicho ni bora kuliko kubaki wazi. Anayeichagua akiwa amejua yote haya, sisi hatuna neno naye. Neno letu ni kwa anayechaguliwa.

Na anayemchagulia huwa na malipo yake. Serikali huweka kiwango cha juu cha kamisheni. Mwaka 2025, katika majimbo mengi, wakala aliweza kulipwa hadi dola 626 kwa kila mtu mpya aliyemwingiza Medicare Advantage, na hadi dola 313 kila mwaka anapobaki humo. Zidisha kwa wazee kumi na wawili wa Ijumaa moja uone thamani ya sufuria ile ya biriani. Mtu kulipwa kwa kazi yake ni halali. Lakini anayelipwa na muuzaji haitwi mshauri wa mnunuzi, na anayejitangaza msikitini kuwa "anawasaidia wazee bure" amesema jambo lisilokuwa. Tena sheria ya nchi yenyewe, tangu mwaka 2008, imekataza kuwalisha watu chakula katika mkutano wa kuuza mipango hii. Kwa hiyo biriani ile, pamoja na utamu wake, imepikwa nje ya sheria, na sisi ndio tuliotoa jiko.

WALE WASEMAO "NI HARAMU" KISHA WAKAONDOKA

Upande wa pili wako ndugu zetu wengine, wenye ikhlasi bila ya shaka, ambao wanapoulizwa na mzee kuhusu bima hujibu kwa neno moja: haramu. Kisha hupanda magari yao, ambayo yana bima, wakaenda zao.

Sisi hatuidharau hoja yao. Tumeisoma. Baraza la fiqhi la Rabita huko Makka liliharamisha bima ya kibiashara mwaka 1978, na katika wajumbe wake Sheikh Mustafa al-Zarqa peke yake ndiye aliyekhalifu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah nayo ikaamua hivyo mwezi Desemba 1985, kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo katika mkataba wa michango maalumu, na ikaelekeza kwenye bima ya kushirikiana. Hatuna haja ya kuwazunguka wanazuoni hawa. Lakini mwenye kunukuu uamuzi ana wajibu wa kujua mambo mawili.

La kwanza, Medicare yenyewe si mkataba wa kibiashara baina ya mtu na mfanyabiashara. Ni mfumo wa dola, unaogharimiwa kwa kodi ambayo mzee wetu amekatwa katika mshahara kwa miaka yote aliyofanya kazi, akipenda asipende. Wanazuoni wale wale walioharamisha bima ya kibiashara hawakuiweka mifumo ya hifadhi ya jamii katika hukumu hiyo. Anayemwambia mzee aache Sehemu B kwa ajili ya uchamungu anamwacha mzee huyo na adhabu ya fedha: kila miezi 12 kamili ya kuchelewa huongeza asilimia 10 juu ya mchango, na nyongeza hiyo hulipwa maisha yote. Aliyechelewa miaka miwili aliongezewa dola 37 kila mwezi katika mwaka 2025. Hakusameheki ila aliyekuwa bado amekingwa na bima ya kazini, yake au ya mwenzake wa ndoa, kwa ajira inayoendelea. Wengi huchelewa kwa kudhani kwamba umri wa pensheni kamili, ambao kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baada yake ni miaka 67, ndio umri wa Medicare pia. Si huo. Medicare ni 65, na usajili wake huanza miezi mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa na kumalizika miezi mitatu baada yake.

La pili, Majmaa hiyo hiyo ya Jeddah ililirudia suala la bima ya afya mwaka 2005, katika kikao chake cha Dubai. Ilishikilia uamuzi wake juu ya makampuni ya kibiashara, lakini iliruhusu mkataba wa moja kwa moja na taasisi ya matibabu kwa masharti ya kupunguza gharar, na ikazingatia kwamba haja ya kulinda nafsi huweza kufikia daraja ya dharura. Sasa katika Marekani bima ya takaful ya kujaza pengo la Medicare haipo sokoni. Mzee mwenye figo mbovu anakabiliwa na deni ambalo litamla nyumba. Wako wanazuoni wengi wanaoishi nchi hizi walioona kwamba hali hii ni haja ya kweli na wakaruhusu kwa kadiri yake, na sisi tuko pamoja nao. Asiyekubali rai hii anayo haki yake, lakini amalizie fatwa: amwambie mzee nani atalipa. Kama jibu ni baytulmali ya msikiti, tuonyeshwe ilipo. Kama jibu ni tawakali, basi kisa cha bedui na ngamia wake kinajulikana na kila mtoto wa darasa la kwanza katika madrasa zetu, na hatutawakumbusha watu wazima.

KATIKA KUCHAGUA

Kabla ya kuchagua lolote, mzee aangaliwe mapato yake. Hili ndilo mawakala hulipita mbio. Mwaka 2025, katika majimbo mengi, mtu aliye peke yake ambaye mapato yake hayazidi dola 1,325 kwa mwezi na akiba yake ni ndogo alikuwa na haki ya msaada wa jimbo unaomlipia mchango wa Sehemu B na kumwondolea hata ile asilimia 20. Baadhi ya majimbo yana viwango vya juu zaidi. Wazee wengi wa jamii zetu wamo katika fungu hili bila ya kujua. Mtu wa namna hii hahitaji Medigap kabisa, na aliyemuuzia amemla. Halikadhalika wale waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo au Somalia waharakishe ukaazi wa kudumu au uraia, kwa sababu sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewabania Medicare wahamiaji wengi wasiokuwa na hadhi hizo.

Asiyekuwa na haki ya msaada huo, na anayemudu mchango au ana watoto wanaomudu, rai yetu ni moja: anunue Medigap ndani ya miezi sita yake, akiwa mzima. Mipango yake imepewa herufi, na katika majimbo yote isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambayo yana utaratibu wao, herufi moja ina manufaa yale yale kwa kila kampuni. Mpango G wa kampuni hii ni Mpango G wa kampuni ile. Kinachotofautiana ni bei. Kwa hiyo anayekwambia kwamba G yake ni bora kuliko G ya jirani, mwombe akuonyeshe bei, na hapo mazungumzo yatakuwa mafupi. Mpango F, ambao wazee wa zamani wanausifu, haupatikani kwa waliostahiki Medicare kuanzia tarehe 1 Januari 2020. G hulipa karibu yote isipokuwa zile dola za mwanzo wa mwaka za Sehemu B. N ni nafuu zaidi, lakini mgonjwa huweza kulipa hadi dola 20 kwa kumwona daktari, na hailipi ziada inayotozwa na madaktari wasiokubali bei ya Medicare. Ulizeni pia bei hupandaje: kuna inayopanda kwa kadiri umri unavyopanda, na hiyo huanza rahisi ikamalizika ghali.

Kisha kuna safari, na hapa tunawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa sababu hakuna kipeperushi kilichoandikwa kwa ajili ya watu wanaosafiri kama sisi. Medicare, isipokuwa katika hali chache mno, hailipi nje ya Marekani. Mzee aliyeanguka Mina, au aliyepata kiharusi Malindi, hana Medicare. Mipango ya Medigap C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ya nje baada ya dola 250 za mwanzo, kwa jumla isiyozidi dola 50,000 katika maisha yote, na kwa sharti kwamba dharura hiyo itokee katika siku 60 za mwanzo za safari. Mwenye kwenda Hija akarudi amekingwa. Lakini babu anayekwenda Unguja kuikimbia baridi, akakaa kuanzia Novemba mpaka Machi, kinga yake imekwisha kabla ya mwezi wa pili wa mwaka; huyo atafutiwe bima ya safari. Na aliye katika Medicare Advantage ana hatari nyingine: akikaa nje ya eneo la mpango wake zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida huondolewa. Hajui mpaka arudi.

Watoto nao wasome. Tunawaona vijana wenye shahada wakijaza fomu ya baba kwa simu huku wakisubiri taa ya barabarani. Kijana huyo huyo akinunua simu husoma maoni ya watu mia mbili.

KWA KAMATI ZA MISIKITI

Wapo watu wanaolipwa na serikali kuwashauri wazee juu ya mambo haya, wasiopata kamisheni ya kampuni yoyote. Kila jimbo lina ofisi yao, chini ya mpango uitwao SHIP uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1990. Huko Ohio huitwa OSHIIP. Ushauri wao ni bure. Simu ya Medicare yenyewe, 1-800-MEDICARE, hutoa mkalimani kwa anayeomba. Hawa hatujawaona wakialikwa baada ya Ijumaa, labda kwa sababu hawapiki.

Tunazitaka kamati zifanye mambo yasiyozidi uwezo wao. Ziandike majina ya waumini watakaotimia miaka 65 katika mwaka ujao, kama tunavyoandika majina ya watoto wa madrasa, na zimwone kila mmoja miezi mitatu kabla. Zimwalike mshauri wa jimbo mara moja kabla ya usajili wa kila mwaka, ambao huanza tarehe 15 Oktoba na kumalizika tarehe 7 Desemba, na zimweke pembeni yake kijana anayejua Kiswahili na Kiingereza sawasawa. Zisitangaze jina la wakala yeyote katika kipaza sauti, awe mgeni au mtoto wa imamu.

Na zitazame kalenda zao za Ramadhani. Katika misikiti kadhaa picha ya wakala imewekwa juu ya nyakati za kufuturu, na mzee anayeitazama kila siku kwa mwezi mzima ameambiwa, bila ya neno, kwamba mtu huyu ameaminiwa na msikiti. Kamati iliyokwisha kupokea fedha kwa ajili ya nafasi hiyo katika kalenda ijayo na imrudishie mwenyewe kabla ya tarehe 15 Oktoba.